Kurasa Zilizofiwa

Sura ya Sita

Siku ya kuchagua kitabu ilifika, au labda ilikuwa imefika zamani na haijawahi kwisha, na Mize akaamka hoi kabla hajafanya lolote. Katika mji ule siku hazikuwa na adabu ya kupanga foleni. Ijumaa iliweza kukaa mwezi mzima kama mgeni asiyejua kuaga, kisha miaka kadhaa ikapita mtu akiwa jikoni anachuja chai. Watu walikwishazoea. Hawakuulizana umri, waliulizana uchovu, na kwa hesabu hiyo Mize alikuwa mkongwe kuliko wote, ingawa magoti yake yalikuwa mazima na kichwani hakuwa na mvi hata moja.

Lawama zote ziliendea jina. Katika Nyumba ya Tangi hapakuwa na mtu anayeitwa Mize. Palikuwa na Mlezi. Mlezi alipokufa, jina lilivuliwa kwenye maiti likiwa bado na joto, akavishwa mwingine, na pamoja na jina akakabidhiwa miaka yote ya waliotangulia kana kwamba yeye ndiye aliyeiishi. Watu walimjia wakamkumbusha maneno aliyoyasema kabla mama yake hajazaliwa. Mwanzoni alikuwa akikana. Baadaye aliona kukana kunachosha kuliko kukumbuka, akaanza kukumbuka. Alikumbuka mazishi ambayo hakuyahudhuria, na mikono yake ikauma kwa ndoo alizobeba mwanamke mwingine.

Alikumbuka, kwa mfano, bahari ilivyohama. Hakuna aliyeiona ikifunga mizigo. Watu walifungua madirisha wakakuta tope jeupe mpaka macho yanapokomea, na visima vya maji ya chumvi hapa na pale, na visima hivyo ndivyo vilivyowalisha tangu hapo: waliyaingiza maji yale kwenye majaruba mapana yasiyo na kina, jua likafanya kazi yake, nao wakakwangua chumvi iliyobaki chini. Kitu pekee walichowahi kukiokoa ni mwamba mmoja wenye matumbawe hai. Waliubeba kwa makarai hadi ndani ya nyumba, wakaujengea tangi la kioo lenye ukubwa wa chumba cha kulala, wakatia humo samaki wa milia, konokono, kaa na mwani, kila walichoweza kukiwahi. Walisema bahari ikirudi itauliza watoto wake wako wapi, na wao watakuwa na la kujibu.

Sasa lilikuwa limebaki jibu moja. Samaki walikwisha, kaa wakakwisha, na matumbawe yakageuka mawe moja baada ya jingine, mpaka likasalia tumbawe moja kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Zamani lilikuwa la zambarau, siku hizi lilikuwa na rangi ya uji. Zamani lilifungua vinywa vyake vidogo vyote kwa pamoja likasubiri kulishwa. Siku hizi lilifungua vichache tu, upande mmoja, kama mtu anayeitikia salamu kwa sababu amelelewa vizuri. Mize alilipenda. Tuliseme hilo bila kuzunguka mbuyu: hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na tumbawe lile, nalo lilikuwa linamfia mikononi.

Sheria ya Nyumba ilikuwa nyepesi kuisema. Mkono hauingii majini kabla kitabu hakijafunguliwa. Mlezi afungue, asome namna ya kutunza, ndipo akunje mikono ya gauni. Na kitabu kilikuwa kimoja, kikubwa, kilichoandikwa na waliobeba yale makarai. Sasa hapa ndipo watu wa mji ule walipokuwa na jambo lao ambalo hulikuti mahali pengine. Kiumbe alipokufa ndani ya tangi, ukurasa uliokuwa wazi siku ile ndio uliohesabiwa kuwa umemuua. Haukuchanwa, kwa kuwa walikuwa watu wa heshima. Ulipakwa gundi ya unga, ukabandikwa na mwenzake wa pili, usisomwe tena milele. Waliuita ukurasa uliofiwa. Majirani walikuja kutoa pole, wakaketi kwenye mkeka, wakanywa kahawa, na kitabu kikakaa katikati yao kama mwenye msiba.

Basi ukakua ukubwa ndani ya jambo hilo, kama unavyokua popote watu wanapokusanyika kulia. Palitokea cheo cha Mshika Bakuli, yaani yule anayeshika bakuli la gundi, na cheo hicho kikawa juu ya vyeo vyote, maana anayejua kusoma aliweza kusoma tu kile ambacho mwenye bakuli amemwachia. Wakati huu cheo kilikuwa cha Bwana Shekue, mtu mpole mwenye miguu inayovimba, ambaye hakumtakia mtu ubaya na alikuwa amefunga kurasa nyingi kuliko wote waliomtangulia. Alipofunga ukurasa alilia kweli. Mize alikuwa amemwona akilia, na machozi yale yalimchosha kuliko ambavyo mtu katili angemchosha, kwa kuwa katili unaweza kumchukia ukapumzika.

Na kitabu kikawa tofali. Kurasa zilizofiwa zilishikana, zikavimba, zikaota ukungu, na kadiri zilivyoshikana ndivyo kitabu kilivyosifiwa kuwa na hekima, kwa sababu kimefiwa sana. Ukurasa uliobaki wazi ulikuwa wa kwanza peke yake, na chini yake kabisa palikuwa na mstari unaosema kwamba maji yakipungua ndani ya tangi, yajazwe. Yajazwe kwa maji gani, hilo lilikuwa upande wa pili, na upande wa pili ulifungwa zamani za Mlezi wa kwanza, mwaka wa mvua kubwa, alipojaza tangi kwa maji ya mvua pipa zima kwa mara moja na matumbawe mengi yakafa kabla ya jua kuzama. Baada ya msiba ule waliziba paa, wakapiga marufuku maji matamu, yasiyo na chumvi, kukaribia kioo, wakala kiapo kwamba kilichopungua kwa bahari kitarudishwa kwa bahari. Kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, Mlezi alikuta maji yameshuka kidogo kwenye kioo, akaenda kuteka maji ya chumvi kisimani, akayakoleza kwa konzi ya chumvi ili yasiwe mapungufu, akajaza. Kisha alisukutua kinywa kwa maji yale yale ya tangi ili ulimi usiwe na ladha ngeni, akachovya kidole, akaonja, akatangaza kwamba ni bahari. Mize alikuwa akitangaza hivyo kila siku. Ukweli ni kwamba hakusikia ladha yoyote. Alidhani bahari ndivyo ilivyo.

Baraza la wazee wa mji likasema kitabu cha ukurasa mmoja hakitoshi. Mlezi achague kingine, na atakachokichagua ndicho kitakachofuatwa, na hicho cha zamani kizikwe kwa taadhima. Akishindwa kuchagua, Nyumba ifungwe, kwa maana mkono hauwezi kuingia majini bila kitabu, na tumbawe litaachwa lijifie lenyewe nyuma ya kioo.

Kazija alikuja na kapu la vitabu kabla jua halijakaza. Alikuwa mchuuzi wa vitabu, mwenye kwenda na kurudi katika miji ambayo huko Nyumbani ilihesabiwa kuwa uvumi, na ndiye mtu pekee aliyemwita Mize kwa jina alilopewa na wazazi wake, kwa sababu walikuwa wamekwangua chumvi pamoja wakiwa wasichana, visigino vimepasuka, wakiwa hawajajua kwamba mmoja wao atageuka kuwa watu wengi. Alitua kapu, akajipepea kwa upindo wa kanga, akasema yeye ni kubeba tu. Habari za matumbawe asiulizwe.

Kimoja kilikuwa kizuri mno. Karatasi zake ziling'aa, na kila samaki aliyekuwamo alikuwa mzima na amemkazia macho msomaji kana kwamba anadai pole. Mize alikifungua nyuma, mahali pa faharasa, akatafuta neno kufa. Hiyo ndiyo njia yake ya kupima kitabu. Aliibuni mwenyewe kwa uchovu, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kusoma kila kitu. Neno halikuwamo. Kitabu cha kutunza viumbe wasiokufa hakikuwa na kazi pale, ila alikiri moyoni kwamba kingemsaidia kuyajua majina ya waliokwisha kuondoka, akakiweka kando kwa huzuni. Kingine kilikuwa kinene, cha bingwa fulani mwenye vipimo vya kila kitu, na vipimo vyenyewe vilitaka taa na mashine ambazo mji ule haukuwahi hata kuziota. Ndani yake kufa kulikuwamo, lakini kulikuwa kufa kwa majedwali, hakukuwa na mtu aliyesimama mbele ya kioo asijue afanye nini. Kulikuwa na kijitabu pia kilichoahidi mwamba mzima wa matumbawe kabla mwezi haujaandama. Hicho alikifunga upesi, na Kazija akacheka akisema ndicho kinachouzika.

Cha mwisho kilikuwa cha mtu wa kawaida. Kilikuwa na picha chache zisizopendeza na maandishi mengi. Kila sura ilianza kwa kusema nini kilimfia mwandishi na yeye alikosea wapi. Samaki wake walirukia nje kwa sababu hakuweka kifuniko, naye akaandika hivyo. Matumbawe yake aliyaunguza kwa mwanga, akaandika. Alipochanganyikiwa alisema amechanganyikiwa, na alipotaja jambo alilolisikia kwa wengine alisema amelisikia tu. Mize alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kitabu kilichofiwa ambacho kurasa zake zote zinafunguka.

Katikati alikuta sura ya maji. Mwandishi alisema maji ya tangi yanaposhuka, jua na hewa ndivyo vilivyoyanywa, navyo havinywi chumvi. Chumvi yote imebaki ndani. Kwa hiyo unachorudisha ni maji matamu, machache machache, maana yakiingia mengi kwa ghafla nayo yataua. Ukirudisha maji ya chumvi, unaongeza chumvi juu ya ile ambayo haikuondoka. Aliisoma sehemu ile, akairudia, kisha akamtazama Kazija.

"Kazija, uliwahi kuona jua likichukua chumvi?"

Kazija alikunja uso kama aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Likichukua chumvi, shoga, mama zetu wangetulisha nini?"

Mji mzima, kutoka Bwana Shekue hadi mtoto wa jana, uliishi kwa kujua kwamba jua linachukua maji na kuacha chumvi. Walilijua hilo kabla ya kujua majina yao. Walitoka majarubani wakiwa na chumvi kwenye kope, wakavua viatu mlangoni, wakaingia katika Nyumba ya Tangi, na hapo mlangoni wakauacha ujuzi wao pamoja na viatu. Ndani palikuwa mahali pa kiapo. Nani angeleta majaruba mahali pa kiapo?

Akaenda kusimama mbele ya kioo. Mawazo yakamjia vipande vipande, bila kuomba njia.

Nimechoka. Nani amechoka? Mlezi. Mlezi yupi? Huyu, na yule, na wa mbele yake. Wanawake wanaondoka, uchovu hauondoki. Jua linawanywa mmoja mmoja, mwanamke anakuwa mvuke, na kinachobaki chini ya tangi ni uchovu wake. Kisha analetwa mwingine, naye amekolezwa kwanza. Anasimuliwa, anakumbushwa, anatiwa konzi juu ya konzi. Wanasema tunarudisha kilichopungua. Hakikupungua. Kilichopungua ni kile ambacho hakina ladha, ambacho hakuna aliyekililia. Kucheka kwa Kazija. Visigino vilivyopasuka. Jina dogo. Je, ninaweza kujazwa kwa kitu ambacho hakikumbuki chochote?

Katika kioo aliona uso, na haukuwa wake. Ulikuwa wa yule Mlezi wa mwaka wa mvua, ameshika pipa tupu, anatazama matumbawe yakipauka na hajui kwa nini, kwa kuwa alikuwa ameleta maji yanayofaa kwa haraka isiyofaa. Mize hakumlaumu. Alimhurumia sana, mpaka akagusa kioo kwa kiganja. Uso ule nao ukanyoosha kiganja, kwa kuwa vioo ndivyo vilivyo.

Adhuhuri watu walijaa. Bwana Shekue alikuja akivuta miguu, bakuli la mbao mkononi, na ndani ya bakuli unga wa ngano mkavu, umechekechwa. Mize alitaja kitabu alichokichagua, akakiweka juu ya meza iliyokaribia tangi. Bwana Shekue alivaa miwani yake, akakipindua polepole kama anayepima embe. Kila ukurasa ulifunguka. Watu waliona aibu kwa niaba ya kitabu.

"Hiki hakijafiwa, Mlezi," alisema kwa upole. "Kitatufundisha nini?"

"Kimefiwa, Bwana Shekue. Ila mwenyewe ameziacha kurasa wazi."

Mnong'ono ukapita chumbani. Bwana Shekue hakukasirika. Hata kukasirika kulitaka miguu mizima. Alisema yeye si mtu wa kumzuia Mlezi, na kwamba ipo njia ya kati. Kitabu kifungwe ukurasa mmoja tu, ili kiingie Nyumbani kikiwa na heshima kama kile kilichotangulia, kisha kitafuatwa chote kilichobaki. Akaanza kusoma kimoyomoyo akitafuta ukurasa unaostahili, akalamba kidole, akageuza, akalamba, akageuza, na Mize aliyekuwa anamtazama alijua kitakapotua kidole kile kabla hakijatua. Kilitua kwenye sura ya maji. Bwana Shekue akasema huu ndio, kwa kuwa unagombana na kiapo, na machozi yake yakaanza kumlengalenga kwa sababu alikuwa na moyo wa kulia mapema.

Aliomba maji ya gundi. Maji matamu hayakuruhusiwa ndani ya Nyumba ila kwa kazi hiyo moja. Mwanamke mmoja akayaleta ndani ya kata kutoka mtungi uliokaa nje ya kizingiti, akamkabidhi Mlezi, maana ni Mlezi anayemimina na Mshika Bakuli anayekoroga. Bwana Shekue alinyoosha bakuli. Unga ulikuwa umekaa humo kwa utulivu, unasubiri.

Mize alishika kata kwa mikono miwili. Alifikiria jinsi ilivyo rahisi. Angemimina, gundi ikorogwe, ukurasa ubandikwe, watu wanywe kahawa, na kesho ateke kisimani, akoleze, ajaze, aonje, atangaze. Tumbawe lingekufa bila kelele na yeye angepewa pole. Uchovu wake wote ulimvuta upande huo, kama usingizi unavyomvuta mtu kando ya moto.

Akainua kata, akasukutua kinywa. Si kwa maji ya tangi; kwa yale matamu. Akatema dirishani. Akasukutua tena. Watu hawakuelewa, na kwa kuwa hawakuelewa hawakuwahi kumkataza. Kisha akachovya kidole ndani ya tangi, akakitia mdomoni.

Ladha ilikuwa kali. Ilimkwangua ulimi, ikamtoa machozi. Chumvi ya Walezi wote ilikuwa pale, konzi juu ya konzi, hakuna hata chembe iliyopotea. Akageuka kulitazama tumbawe, lile lenye vinywa vichache vilivyofunguka kwa adabu, na aibu ikamjaa kifua kizima.

"Nimechoka, Bwana Shekue," alisema. Hakuwa amewahi kulisema hilo kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo wake. "Sukutua kwanza kwa haya, kisha onja. Ukionja ukaniambia ni bahari, nitamimina."

Hakuna kanuni iliyosema Mshika Bakuli asionje. Hakuna kanuni iliyosema aonje pia. Mzee alisimama hapo katikati ya kanuni mbili zisizokuwapo, bakuli mkono mmoja, na kwa kuwa alikuwa na kiu alipokea kata, akasukutua, akateleza kidogo alipoegemea kioo, akachovya kidole kile kile alichokilamba akigeuza kurasa. Akakitia mdomoni. Kabla ya kupewa bakuli, kabla ya miguu kuvimba, alikuwa kijana wa majarubani kama wote. Aliijua ladha ile. Ndiyo ladha ya maji ya mwisho mwisho, yale mazito yanayobaki siku moja kabla ya kukwangua.

Alikitoa kidole mdomoni, akakitazama.

"Hili ni jaruba," alisema mwishowe, kama anayejiambia mwenyewe.

Mize aliichukua kata kutoka mkononi mwake. Akakunja mikono ya gauni. Kitabu kilikuwa wazi juu ya meza, kwenye sura ile ile, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Akayamimina maji yaliyobaki kandokando ya kioo, polepole, yakiteremka juu ya kioo kama jasho. Bwana Shekue aliuliza kwa sauti ya chini kama yaletwe mengine, kama liletwe pipa.

"Hapana," alisema Mize. "Leo basi. Kesho kata nyingine. Mara ile tuliharakisha."

Tumbawe halikufungua hata kinywa kimoja zaidi. Hakulitarajia lifungue. Kazija, aliyekuwa amesimama nyuma na kapu lake kichwani, alimwita kwa jina lake aje wakale, na watu wakageuka kutazama nani anayeitwa Mize. Bwana Shekue alitafuta mahali pa kukaa, akajikalia kwenye kiti kilicho karibu, bakuli likiwa mapajani. Unga ulikuwa bado mkavu, na hakuna aliyeomba maji mengine.